Nani Anasoma Daftari Usiku?



Tarehe 15 Juni 2023, kwenye kitengo kinacholinda mitandao ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, tahadhari ilijitokeza kwenye skrini. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo, wala hakukuwa na ujumbe wa kudai fidia. Barua pepe zilikuwa zinakwenda na kurudi kama siku zote, na Waziri wao, Antony Blinken, alikuwa anajiandaa kwa safari ya Beijing mwishoni mwa wiki hiyo. Tahadhari ile ilitoka kwenye kanuni ambazo wataalamu wa wizara walikuwa wamezitunga wenyewe, na mojawapo waliipa jina la Big Yellow Taxi. Kazi yake ilikuwa kuchambua kumbukumbu za ufunguaji wa masanduku ya barua pepe na kuonyesha pale penye jambo lisilo la kawaida.

Nikueleze kumbukumbu hizo zinafananaje. Kila barua inaposomwa, mfumo unaandika mstari mmoja: saa ngapi, sanduku la nani, ombi limetoka kwenye anwani gani ya mtandao, na namba ya utambulisho wa programu iliyotumika kusoma. Ni mistari mikavu, maelfu kwa maelfu kwa siku, na hakuna mwanadamu anayeweza kuisoma yote kwa macho. Mtumishi wa wizara huwa anasoma barua zake kwa programu ileile jana, leo na kesho. Safari hii mistari ilionyesha masanduku yanafunguliwa na programu ambayo haikutarajiwa kuonekana pale.

Kanuni hiyo ilikuwa imewahi kutoa tahadhari za uongo huko nyuma, na shughuli iliyoonekana siku hiyo ingeweza kabisa kuchukuliwa kuwa ya kawaida. Wale wataalamu wangeweza kusema, ni ileile ya siku zote, tuendelee na mengine. Hawakusema hivyo. Walikaa, wakafuatilia mstari kwa mstari, na kesho yake, tarehe 16, wakawasiliana na Microsoft, kampuni inayowahifadhia barua zao. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kundi la wadukuzi wanaohusishwa na China lilikuwa limeingia tangu katikati ya mwezi Mei. Walioguswa walikuwa mashirika 22 na watu zaidi ya 500 duniani. Kwenye wizara hiyo peke yake zilichukuliwa barua zipatazo 60,000. Waziri wa Biashara Gina Raimondo alikuwamo kwenye orodha ya waliosomewa barua zao, na balozi wa Marekani nchini China, Nicholas Burns, naye alikuwamo.

Nimeanza na kisa hiki kwa makusudi. Habari za udukuzi tunazozisikia karibu zote zinaanzia kwa mwizi: alivyo hodari, alivyoingia, alivyotoroka. Leo nataka tumwangalie yule aliyemwona. Kwa maoni yangu, taasisi inayoweka kazi zake kwenye wingu, yaani kwenye mitambo ya kukodi inayofikiwa kwa mtandao, inapona au inaangamia kwa jambo hili moja: kama yupo mtu anayeandika kinachotokea, na kama yupo mtu anayesoma kilichoandikwa. Mengine yote, nenosiri refu, programu za bei kubwa, mikutano ya bodi, yanafuata nyuma ya hilo.

Maana tazama jinsi wale wadukuzi walivyoingia. Walikuwa na ufunguo wa kusaini wa Microsoft yenyewe, uliotengenezwa mwaka 2016, ambao kazi yake ni kuthibitisha kwamba kibali cha kuingia ni halali. Mwenye ufunguo huo anaweza kujiandikia kibali, na mfumo ukakikubali. Ufunguo ulikuwa wa akaunti za watu binafsi, lakini kasoro ndani ya mfumo iliufanya ukubalike hata kwenye barua za mashirika. Ulipaswa kuwa umestaafishwa miaka miwili kabla. Kazi ya kubadilisha funguo hizo ilikuwa inafanywa kwa mkono, na mwaka 2021, baada ya zoezi kama hilo kusababisha huduma kuzimika, kampuni ikalisimamisha kabisa. Ufunguo mkongwe ukabaki unafanya kazi. Bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza kisa hicho ilitoa ripoti yake mwaka 2024 na kusema wazi kwamba uvamizi ule ulizuilika. Ikaongeza kwamba hadi wakati huo Microsoft ilikuwa haijaweza kuthibitisha ufunguo huo uliibwa vipi.

Sasa jiulize, msikilizaji, nenosiri gani la wizara lingesaidia hapo? Hakuna. Mteja hakukosea chochote. Kosa lilikuwa kwa mwenye huduma, na aliyeligundua akawa mteja, kwa sababu alikuwa na kumbukumbu na alikuwa na watu wa kuzisoma.

Ipo sehemu ya kisa hiki inayonikera hadi leo. Mistari ile ya ufunguaji wa barua haikuwa inapatikana kwa kila mteja. Ilikuwa kwenye leseni ya daraja la juu, ya kulipia zaidi. Wizara ile ilikuwa imelipa. Waliokuwa na leseni ya kawaida hawakuwa na mistari hiyo; hata wangetaka kuchunguza kama wameibiwa, walikuwa hawana pa kutazama. Baada ya kelele kubwa Microsoft ilikubali kuwapa wateja wengi zaidi kumbukumbu hizo bila malipo ya ziada, na muda wa kuzihifadhi kwa wateja wa kawaida ukapandishwa kutoka siku 90 hadi 180. Vizuri. Lakini kuuza haki ya mtu kujua nani ameingia kwake kama bidhaa ya anasa lilikuwa jambo baya tangu siku ya kwanza, na sisi wa nchi ambazo hospitali na halmashauri zinanunua leseni ya bei ya chini kuliko zote ndio wa kulisema kwa sauti kuliko wengine.

Labda mfano mmoja utasaidia. Ukipanga ofisi kwenye ghorofa kubwa pale Kariakoo, mwenye jengo anashughulika na msingi, lifti, jenereta na mlinzi wa getini. Mlango wa ofisi yako, nani umempa ufunguo, kabati gani umeliacha wazi, hayo ni yako. Na daftari la wageni la getini litakuonyesha aliyeingia kwenye jengo. Halitakuonyesha aliyefungua kabati lako. Wingu limepangwa hivyohivyo, na mikataba inasema hivyo. Kampuni inalinda mitambo yake; akaunti, ruhusa na mipangilio ni juu ya mteja.

Chukua huduma ya Amazon, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Ukifungua akaunti leo, unakuta inakuandikia yenyewe matendo ya usimamizi: nani ameanzisha seva, nani amebadilisha ruhusa. Inakuwekea kwa siku 90, kisha yanafutika, mpaka uwe umeagiza yahifadhiwe mahali pako. Lakini matendo ya kusoma mafaili yenyewe, yaani nani amepakua faili lipi saa ngapi, hayaandikwi mpaka uwashe mwenyewe na ukubali kulipia. Wengi hawayawashi. Siku wakiibiwa wanajua kwamba fulani aliingia kwenye akaunti, lakini wakiulizwa ameondoka na nini, wanatazamana.

Kwa nchi zetu swali hilo la ameondoka na nini limeshakuwa la kisheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inamtaka anayehifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba zimeingiliwa, pale ambapo wahusika wako hatarini kupata madhara. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na Tume yake. Saa 72 ni siku tatu. Ofisi isiyo na kumbukumbu za matukio itazitumia siku hizo tatu kukisia.

Dalili nyingine hazitoki kwenye kumbukumbu za usalama, zinatoka kwa mhasibu. Kuna wezi ambao hawana haja na data yako. Wanataka nguvu ya mashine zako wachimbe sarafu za kidijitali, na bili inakujia wewe. Ofisi ambayo bili yake ya wingu imepanda ghafla mara tatu isimuulize mtu wa TEHAMA kwa nini anatumia fedha vibaya. Imuulize ni mashine zipi ziliwashwa, wapi, na nani aliziwasha. Ingawa hata bili nayo inadanganya. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya RedLock waligundua wachimbaji wa aina hiyo ndani ya mfumo wa wingu wa Tesla, walioingilia kwenye dirisha la usimamizi lisilo na nenosiri, na wezi wale walikuwa wanachimba polepole kwa makusudi ili matumizi yasipande kiasi cha kumshtua mtu.

Na mlango unaotumika sana hauhitaji uhodari wowote. Mwaka 2024 wateja wa kampuni ya kuhifadhi data ya Snowflake waliibiwa mmoja baada ya mwingine: Ticketmaster, benki ya Santander, kampuni ya simu ya AT&T. Wachunguzi wa Mandiant walisema mashirika yapatayo 165 yalijulishwa kwamba huenda yameguswa. Snowflake haikuvunjwa. Wezi waliingia kwa majina na maneno ya siri ya kweli, yaliyonyonywa na programu hasidi kwenye kompyuta za wafanyakazi na za wakandarasi, mengine tangu mwaka 2020, na hayakuwa yamebadilishwa. Akaunti hizo hazikudai uthibitisho wa pili, ule wa namba inayokuja kwenye simu. Baadhi ya kompyuta hizo za wakandarasi zilikuwa zinatumika pia kuchezea michezo na kupakulia programu za wizi. Hapa simnyooshei mtu kidole, ila kila mmoja wetu anajua ni laptopu ngapi mjini zina programu iliyowekwa na kijana wa dukani kutoka kwenye flashi, na ni ngapi kati ya hizo ndizo zinazofungulia mfumo wa malipo wa ofisi.

Tuseme sasa umeshamwona. Mistari inaonyesha kuna mtu ndani. Unafanya nini?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wema wanapoharibu. Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Code Spaces. Kazi yake ilikuwa kuwahifadhia waandishi wa programu msimbo wao, na ilitumia wingu la Amazon. Mwezi Juni 2014 ilianza kushambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya mtandao, yale ya kuizidi nguvu huduma mpaka isimame. Wakati wahandisi wanahangaika na hayo, wakakuta ujumbe ndani ya dirisha lao la usimamizi wa Amazon: ukitaka yaishe, wasiliana nasi kwa anwani hii, lete fedha. Yaani mtu tayari alikuwa ndani, kwenye chumba cha kuongozea kila kitu.

Walifanya ambalo wengi wetu tungefanya. Walibadilisha maneno ya siri ili wamtoe. Lakini mvamizi alikuwa amejitengenezea akaunti nyingine za akiba. Alipoona wanajaribu kumfungia nje, akaanza kufuta. Akafuta seva, akafuta diski, akafuta nakala za diski, akafuta mafaili yaliyohifadhiwa. Walipofanikiwa kurudisha dirisha mikononi mwao, data nyingi, mipangilio ya mashine na nakala rudufu zilikuwa zimekwisha au zimebaki vipande. Tangu shambulio lianze hadi hapo zilikuwa zimepita kama saa 12. Kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea, ikafunga.

Kosa lao la kwanza ni kwamba walimgusa kabla hawajamjua. Ukigundua mgeni kwenye akaunti, jambo la kwanza ni kutazama amefanya nini tangu alipoingia: ametengeneza watumiaji gani wapya, amejipa ruhusa zipi, ameacha funguo wapi. Ukishaijua orodha yote, unazifunga njia zake zote kwa wakati mmoja. Ukifunga moja na kuacha mbili, umempa taarifa tu.

Lipo na jambo lingine, la kiufundi, ambalo hata watu wa kazi hii hulisahau. Kubadilisha nenosiri peke yake hakutoshi kumtoa mtu aliye ndani. Kwenye wingu, mtu akishaingia anapewa kibali cha muda, tokeni, ambacho kinaweza kuishi kwa saa kadhaa kikijitegemea. Umeshabadilisha nenosiri, umeshafuta ufunguo, umekwenda kunywa chai, na yeye anaendelea na kazi yake kwa kibali alichopewa asubuhi. Lazima vibali vyenyewe vibatilishwe: uagize mfumo ukatae kila kibali kilichotolewa kabla ya saa fulani. Huduma kubwa zina njia zake za kubatilisha, na kazi hiyo haichukui muda mrefu kwa mtu aliyewahi kuifanyia mazoezi. Kwa asiyewahi, itachukua usiku mzima wa kutafuta.

Vilevile usiifute seva iliyoingiliwa. Najua tamaa ni kubwa. Kwenye wingu kufuta mashine na kuwasha nyingine ni kazi ya dakika, na bosi anasubiri huduma irudi. Ukifuta, umefuta ushahidi. Itenge kwanza, ikatwe mawasiliano na kila kitu, kisha diski yake ipigwe nakala na nakala hiyo iwekwe kwenye akaunti nyingine ambayo mvamizi hana njia nayo. Hapo wachunguzi watakuwa na kitu cha kuchunguza, na polisi watakuwa na kitu cha kupeleka mahakamani.

Na tafadhali, mazungumzo ya kumtoa mvamizi yasifanyike ndani ya barua pepe anayoisoma. Kile kisa cha wizara ya Marekani kilikuwa cha barua pepe kusomwa. Fikiria mkuu wa kitengo anawaandikia wenzake: tumemgundua, tunamfungia saa nne usiku. Yeye anasoma pamoja nao. Pigianeni simu, kutaneni, tumieni chombo kingine kabisa.

Kupona sasa. Mei 2024, Australia, mfuko wa pensheni wa UniSuper wenye wanachama zaidi ya laki sita uliamka ukakuta huduma zake hazipo. Safari hii hapakuwa na mwizi. Google, waliokuwa wanawahifadhia mitambo, walikosea mpangilio mmoja wakati wa kuandaa huduma, na kwa kosa hilo usajili wa wingu binafsi la mfuko ule ukafutwa. UniSuper walikuwa wameweka mfumo wao kwenye maeneo mawili tofauti, ili moja likianguka jingine lishike. Yote mawili yalifutwa, kwa sababu yote mawili yalikuwa chini ya usajili mmoja.

Ukilinganisha, msiba wa UniSuper ulifanana na wa Code Spaces: mifumo ya kazi imefutwa. Lakini UniSuper walikuwa na nakala zilizokaa nje ya kile kilichofutwa, nyingine kwa mtoa huduma mwingine. Baada ya kama wiki moja ya kazi ya usiku na mchana wanachama walianza kuingia tena kwenye akaunti zao. Wakuu wa UniSuper na wa Google Cloud walitoa taarifa ya pamoja na kukiri kilichotokea.

Kwa hiyo ukimuuliza mtu wako wa mfumo kama mna bakapu, usiridhike na jibu la ndiyo. Code Spaces nao walikuwa na bakapu. Swali ni nani anaweza kuifuta. Ikiwa nenosiri linalofungua mfumo ndilo linalofungua bakapu, basi hamna bakapu. Danmaki, mwezi Agosti 2023, kampuni ya wingu ya CloudNordic iliamka siku ya Ijumaa ikakuta seva zake zote zimefungwa kwa programu ya kudai fidia, pamoja na nakala za akiba. Kwa makisio yao wenyewe, kilichowaponza ni kuhamisha seva kutoka jengo moja kwenda jingine. Baadhi zilikuwa tayari zimeambukizwa, na wakati wa kuhamisha zikaunganishwa na mtandao wa ndani ambao mifumo yote, ya usimamizi na ya nakala, ilikuwa inautegemea. Wateja wao wengi walipoteza kila kitu. Walichoweza kuahidiwa ni seva tupu zenye majina yao.

Nakala iwe kwenye akaunti nyingine, yenye mwenye ufunguo mwingine. Huduma nyingi sasa zinaruhusu nakala kufungwa kwa muda, isifutike hata na msimamizi mkuu mpaka muda uishe; hilo ni la kuwashwa. Na nakala isiyowahi kujaribiwa kurudishwa ni matumaini tu. Irudisheni, hata mara moja kwa robo mwaka, muone inachukua saa ngapi na kipi kinakosekana.

Sisi huku tunalo letu la kuongeza. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilidhoofika, kwingine ikatoweka. Ofisi yenye mpango mzuri wa dharura uliohifadhiwa kwenye wingu, pamoja na namba za simu za wahusika, siku kama hiyo haiwezi kuufungua. Uchapeni. Karatasi mbili, tatu: nani apigiwe, kwa utaratibu gani, namba ya akaunti ya wingu, namba ya mkataba, mtu mwenye mamlaka ya kusema zima. Zibandikwe mahali pa siri lakini panapojulikana na wahusika, na mlinzi wa zamu ajue zilipo.

Nimesema sana habari ya kusoma kumbukumbu, na nisiache bila kutaja benki ya Capital One, maana kisa chake ndicho kinachonithibitishia. Machi 2019 mhandisi mmoja wa Seattle, aliyewahi kuajiriwa Amazon, alikuta ukuta wa kinga wa benki hiyo umepangwa vibaya. Aliutumia kuifanya seva ya benki iulize, kwa niaba yake, anwani maalumu ya ndani ambayo kwenye wingu hugawa vibali vya muda. Seva ikauliza, ikapewa kibali, ikampa. Kibali kile kilikuwa na ruhusa kubwa kuliko kazi yake. Kikamfungulia hifadhi zenye maombi ya kadi za mkopo ya watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada. Mwezi Novemba mwaka huohuo Amazon ilitoa njia mpya ya kugawa vibali hivyo, iliyo ngumu zaidi kuhadaiwa namna hiyo.

Yote yale yaliandikwa. Siku, saa, amri zilizotumwa, anwani zilizotoka, zote zilikuwamo kwenye kumbukumbu za benki tangu Machi. Zilikaa humo karibu miezi minne. Kisha tarehe 17 Julai mtu wa nje akatuma barua pepe fupi kwenye anwani ambayo benki ilikuwa imeitenga kwa ajili ya watu wanaotaka kuripoti kasoro: inaonekana data yenu imewekwa hadharani kwenye ukurasa huu. Wahandisi wakajua sasa watafute nini, wakafungua kumbukumbu, na kufikia tarehe 19 walikuwa wamethibitisha. Tarehe 29 mtuhumiwa akakamatwa na benki ikatangaza. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 80, na baadaye ikakubali kulipa dola milioni 190 kumaliza kesi ya wateja wake.

Yule mwandishi wa barua angekuwa wetu, wa Dodoma au Kisumu, angeandika wapi? Tovuti nyingi za taasisi zetu zina sanduku la maoni ambalo halijibiwi. Tanzania ina kitengo cha TZ-CERT chini ya TCRA, Kenya ina KE-CIRT, na vitengo hivyo vinapokea taarifa. Lakini kijana aliyeona data za wagonjwa ziko wazi mtandaoni anaogopa kusema, kwa kuwa kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa, kwa Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hana uhakika kama ataonekana shahidi au mtuhumiwa. Ananyamaza. Nawaomba wakuu wa taasisi, na nawaomba watunga sheria wanaonisikiliza: tamkeni kwa maandishi kwamba anayeripoti kwa nia njema, bila kuchukua wala kuharibu, hatashtakiwa. Kisha wekeni anwani moja kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti, na jina la mtu wa kuisoma liwe kwenye ratiba ya zamu, Jumapili na sikukuu zikiwemo.